Sura ya Sita: Ganda la Nukta Inayong'aa

Tarehe 25 Septemba 1998, jarida la Science la Marekani lilichapisha katika toleo moja makala mbili za makundi mawili yaliyokuwa yakifanya kazi kila moja kivyake. Kundi la kwanza lilitoka Berkeley, California, likiwa na Marcel Bruchez, Shimon Weiss na Paul Alivisatos. La pili lilikuwa la watu wawili tu wa Chuo Kikuu cha Indiana, Warren Chan na Shuming Nie. Yote mawili yalikuwa yamefanikiwa kuweka kwenye seli fuwele ndogo mno zinazotoa mwanga wa rangi, na kuzitazama kwa hadubini. Berkeley walionyesha seli za panya ambazo kiini chake kiling'aa kijani, huku nyuzi za protini zinazoipa seli umbo lake ziking'aa nyekundu, rangi zote mbili zikiwashwa kwa mwanga mmoja. Indiana walitumia seli za HeLa, zile zilizotokana na uvimbe wa Henrietta Lacks, mwanamke Mmarekani mweusi aliyefariki Baltimore mwaka 1951, na ambazo bado zinaendelea kugawanyika katika maabara za dunia nzima. Seli hizo zilimeza fuwele zilizobandikwa protini ya transferini, ambayo kwa kawaida hubeba madini ya chuma kuyaingiza ndani ya seli.

Fuwele zenyewe hazikuwa jambo jipya. Alexei Ekimov alizitambua ndani ya kioo cha rangi huko Leningrad mwanzoni mwa miaka ya 1980. Louis Brus alizikuta zikielea katika kimiminika kwenye maabara za Bell, New Jersey, na akaeleza tabia yake mwaka 1983. Miaka kumi baadaye Moungi Bawendi, mzaliwa wa Paris mwenye baba Mtunisia, aligundua pamoja na wanafunzi wake wa MIT namna ya kuzitengeneza zikiwa na ukubwa unaolingana. Watatu hao waligawana Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2023, na nukta za kwanta, kama fuwele hizi zinavyoitwa, zikaandikwa kwenye magazeti ya kila lugha.

Lakini kati ya mwaka 1993, fuwele nzuri zilipopatikana, na 1998, zilipoingia kwenye seli, kuna pengo la miaka mitano. Pengo hilo halikuwa la kutafuta mwanga. Mwanga ulikuwepo tayari. Kilichokosekana ni kitu cha kuifunika fuwele ili iweze kukaa majini, kuvumilia chumvi, kutoshikana na kila protini inayopita, na kwenda mahali ilipotumwa. Makala zote mbili za 1998, ukizisoma kwa makini, ni habari za tabaka la nje, na huo ndio upande wa simulizi hii ambao umesemwa kidogo kuliko unavyostahili.

Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Nukta ya kwanta huwa na upana wa nanomita 2 hadi 6 hivi, ilhali chembe nyekundu ya damu ina upana wa zaidi ya nanomita 7,000. Katika udogo huo elektroni hubanwa, na jinsi inavyobanwa zaidi ndivyo nishati ya mwanga unaotoka inavyopanda. Fuwele ya kadimiamu na seleniamu yenye upana wa nanomita 2 hung'aa rangi ya samawati; ile ya nanomita 6 hung'aa nyekundu. Mata ni ileile. Ukubwa peke yake ndio umebadilika. Tena, taa moja ya urujuanimno huziwasha zote kwa pamoja, kila moja ikitoa rangi yake. Kwa mtafiti wa seli hii ni neema kubwa, kwa sababu rangi za kikemia alizokuwa akizitumia kwa miongo mingi huchujuka haraka zikimulikwa. Chan na Nie walipolinganisha nukta zao na rhodamini, mojawapo ya rangi hizo za kawaida, waliandika kwamba nukta zilikuwa na mwanga mara 20 zaidi na zilistahimili kumulikwa mara 100 zaidi.

Basi tuingie maabara tuone fuwele inavyozaliwa, maana tatizo lake linaanzia hapo. Kimiminika kinachoitwa TOPO huchemshwa hadi karibu nyuzi joto 300 za Selsiasi ndani ya chupa isiyo na hewa ya oksijeni. Mtafiti hudunga ghafla mchanganyiko wa kadimiamu na seleniamu kwa bomba la sindano. Punde rangi hutokea ndani ya chupa: manjano kwanza, kisha rangi ya chungwa, kisha nyekundu, kadiri fuwele zinavyokua. Anayetaka chungwa hupoza chupa mapema. Anayetaka nyekundu husubiri. Ni tendo la kupendeza kulitazama. Hata hivyo, kila fuwele inayotoka mle imezungukwa na molekuli za TOPO, na kila molekuli ina mikia mitatu ya kaboni, kila mkia kaboni nane, yote ikielekea nje. Hiyo ni mikia ya mafuta. Ukiziweka fuwele hizo katika kiyeyusho cha mafuta kama tolueni zinatawanyika vizuri. Ukizitia majini hufanya kama mafuta ya nazi yaliyomwagwa kwenye sufuria ya maji baridi: hujitenga, hugandana, na kazi imekwisha. Seli nayo ni maji, damu ni maji, na hakuna kiungo cha mwili kinachokubali kuoshwa kwa tolueni.

Kuna shida nyingine ya ndani zaidi. Katika kitu kidogo namna hii sehemu kubwa ya atomi iko usoni, na atomi ya usoni haina jirani upande wa nje. Pale panabaki mikono ya kikemia isiyoshika kitu. Elektroni iliyosisimuliwa na mwanga hunaswa hapo na nishati yake hupotea kama joto, bila kung'aa. Mwaka 1996 Margaret Hines na Philippe Guyot-Sionnest wa Chuo Kikuu cha Chicago walizungushia fuwele ya kadimiamu na seleniamu ganda jembamba la zinki na salfa. Elektroni hupata shida kupita katika ganda hilo, kwa hiyo hubaki ndani na kutoa mwanga. Walipata karibu asilimia 50 ya mwanga uliofyonzwa ikirudi kama mng'ao, katika joto la kawaida la chumba. Mwaka uliofuata kundi la Bawendi lilichapisha kazi ya kina kuhusu ganda hilohilo, na lile la Alivisatos likaonyesha ganda la kadimiamu na salfa.

Ganda hilo nalo lina masharti. Atomi za zinki na salfa hazikupangana kwa nafasi sawa na zile za kadimiamu na seleniamu; tofauti inazidi asilimia 10. Ukiongeza unene, mkazo huzidi na nyufa hutokea, na kwenye ufa elektroni hunaswa tena. Ndiyo sababu watengenezaji wengi leo huweka tabaka la kati la kadimiamu na salfa kabla ya lile la zinki, ili mpito usiwe wa ghafla. Nukta iliyomo kwenye televisheni za QLED inahitaji kulindwa hivyo pia, lakini yake ni rahisi: hufungiwa ndani ya karatasi ya plastiki na haikutani na kitu chochote chenye uhai maisha yake yote. Ile ya kibiolojia inapelekwa mahali penye joto la nyuzi 37, chumvi, vimeng'enya, na maelfu ya aina za protini.

Kufika majini kulitafutiwa njia mbili, na hadi leo watafiti wanabishana juu ya ipi bora.

Njia ya kwanza ni kung'oa TOPO na kuweka molekuli nyingine badala yake. Ndivyo Chan na Nie walivyofanya. Walichukua molekuli ndogo ambayo upande mmoja ina salfa, inayoshika zinki ya ganda, na upande mwingine ina asidi inayopenda maji. Kazi hii ni ya haraka, na chembe inabaki ndogo. Udhaifu wake ulionekana upesi. Salfa moja haishiki kwa nguvu. Mwanga na oksijeni huzifanya salfa mbili jirani ziungane zenyewe kwa zenyewe na kuiacha fuwele uchi, nayo ikaanza kushikana na wenzake na kuzama chini ya chupa. Mwaka 2000 Hedi Mattoussi na wenzake, katika maabara ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani, walitumia asidi ya dihidrolipoiki, ambayo ina salfa mbili kwenye molekuli moja. Mkono mmoja ukiachia, wa pili bado umeshika. Badiliko dogo kama hilo liliongeza sana uhai wa nukta majini. Lakini bado zilitegemea chaji hasi za asidi ili kusukumana na kutengana, na chumvi nyingi au asidi ikizidi huzima nguvu ya chaji hizo.

Katika njia hiyohiyo, Berkeley walichagua kitu kigumu zaidi kukitengeneza: silika, mata ileile ya mchanga na kioo. Silika hufunga chembe kila upande kwa vifungo vya kikemia vilivyosokotana, haiachii kwa urahisi, na uso wake unaweza kubandikwa karibu molekuli yoyote. Katika seli zile za panya nukta za kijani zilipewa uso unaozielekeza kwenye kiini, na zile nyekundu zikabandikwa biotini, ambayo hushikana na protini ya streptavidini kwa nguvu isiyo na mfano katika biolojia. Rangi ilitoka kwenye fuwele, lakini anwani iliandikwa juu ya silika.

Njia ya pili ilikuja mwaka 2002 kutoka Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York. Benoit Dubertret, Ali Brivanlou, Albert Libchaber na wenzao waliamua kutoing'oa TOPO hata kidogo. Waliifunika. Walichanganya fuwele na fosfolipidi, jamaa za molekuli zinazotengeneza utando wa seli zetu, ambazo upande mmoja ni mafuta na upande mwingine hupenda maji. Mikia ya mafuta ilijipenyeza katikati ya mikia ya TOPO, na vichwa vikatazama nje. Juu ya vichwa hivyo kulikuwa na minyororo ya PEG, polima laini inayovuta maji na kuzuia vitu visinate. Uso wa fuwele haukuguswa, kwa hiyo mng'ao haukupungua.

Walizidunga nukta hizo katika viinitete vya chura wa Xenopus laevis. Chura huyu ni wa Afrika, asili yake kusini mwa bara, na tayari alikuwa na historia ndefu maabara: kabla ya vipimo vya mkojo vya kisasa, mkojo wa mwanamke ulidungwa kwa chura jike, na akitaga mayai ilijulikana kuwa mwanamke yule ni mjamzito. Safari hii alitoa msaada wa aina nyingine. Seli moja ya kiinitete ilidungwa, nayo ilipogawanyika iliwagawia watoto wake nukta zinazong'aa, na watafiti wakaweza kufuata ukoo huo wa seli mpaka kiluwiluwi. Hadi kiasi cha nukta bilioni kadhaa kwa seli, viinitete viliendelea kukua vizuri. Katika sura nzima ya nukta za kwanta, hili ndilo jaribio ambalo linastahili kusomwa na kila mwanafunzi wa biolojia, kwa sababu lilithibitisha kwamba tatizo halikuwa fuwele kuwa ngeni, bali jinsi ilivyofunikwa.

Mwaka uliofuata Xingyong Wu na wenzake walitumia polima yenye tabia hiyohiyo ya pande mbili, wakabandika kingamwili juu yake, na kuonyesha protini ya Her2 kwenye seli za saratani ya matiti. Protini hiyo ndiyo daktari huipima leo kabla ya kuamua kama mgonjwa atapewa dawa inayoilenga. Mwaka huohuo wa 2003, huko Paris, Maxime Dahan na wenzake walibandika nukta mojamoja kwenye vipokezi vya glisini vya neva na kuvifuata vikitembea juu ya utando wa seli, tangu milisekunde hadi dakika kadhaa. Hakuna rangi ya kawaida ambayo ingedumu hivyo.

Gharama ya kufunika ni unene. Fuwele ya nanomita 5, ikishapewa ganda, TOPO, polima, PEG na kingamwili, yaweza kufikia nanomita 20 au 30. Uwazi kati ya neva mbili zinapopeana habari ni kama nanomita 20. Mwaka 2017 kundi la Paul Selvin wa Chuo Kikuu cha Illinois lilitumia nukta za ukubwa tofauti kutafuta vipokezi vya glutameti. Zile kubwa zilivikuta zaidi nje ya uwazi huo. Zile ndogo, za nanomita kama 10, zilivikuta zaidi ndani yake. Kwa maneno mengine, baadhi ya yale yaliyokuwa yameandikwa kuhusu mwendo wa vipokezi yalitokana na unene wa kipimo, si tabia ya neva. Mtafiti anayesahau tabaka lake la nje anaweza kuchapisha jambo ambalo seli haikulisema.

Ndani ya mnyama mzima mambo ni magumu zaidi. Chembe ikiingia tu kwenye damu, protini za damu huanza kuishikilia, na baada ya muda mfupi tabaka lililotengenezwa maabara linakuwa limefunikwa na tabaka jingine la mwili wenyewe. Baadhi ya protini hizo kazi yake ni kuwaita walinzi: seli za ini na bandama humeza chochote kilichowekewa alama hiyo. Mwaka 2004 Byron Ballou na wenzake wa Carnegie Mellon, Pittsburgh, walidunga panya nukta za aina moja zenye matabaka manne tofauti. Zilizopakwa polima tupu, PEG fupi, au PEG ndefu yenye asidi mwishoni, nusu yake ilitoweka kwenye damu kwa chini ya dakika 12. Zilizopakwa PEG ndefu isiyo na chaji zilifikia kama dakika 70. PEG hiyohiyo, kwa umbo jingine, imo juu ya chembe za mafuta za chanjo za Pfizer na Moderna za UVIKO-19, zilizofika pia katika vituo vya afya vya Afrika Mashariki. Kwa hiyo maarifa haya si ya wenye hadubini peke yao.

Mwaka huohuo wa 2004 John Frangioni, Bawendi na wenzao walionyesha jambo ambalo mpasuaji yeyote wa saratani hulielewa mara moja. Walidunga nguruwe nukta zinazotoa mwanga wa infraredi ya karibu, ambao hupenya nyama vizuri kuliko mwanga tunaouona kwa macho, na kwenye kioo cha kamera wakaona mstari wa limfu ukielekea tezi ya kwanza, sentimita moja chini ya ngozi. Tezi hiyo ndiyo saratani huifikia kwanza ikianza kusambaa. Mpasuaji akiiona huitoa hiyo peke yake, badala ya kufukua kwapa zima.

Kwa nini basi hospitali hazina nukta hizi? Jibu ni kadimiamu. Katika bonde la mto Jinzu, mkoa wa Toyama, Japani, kadimiamu kutoka migodini iliingia kwenye mashamba ya mpunga na kuwaletea watu ugonjwa wa figo na mifupa wenye maumivu makali; serikali ya Japani iliutambua rasmi mwaka 1968 kuwa ni ugonjwa wa uchafuzi wa mazingira. Mwili hauna njia ya haraka ya kuitoa kadimiamu. Hukaa kwenye figo kwa miaka mingi sana. Mwaka 2004 Austin Derfus, Warren Chan na Sangeeta Bhatia walionyesha kwamba fuwele zilizowekwa kwenye hewa au urujuanimno kabla ya kufunikwa huachia kadimiamu na kuua seli za ini. Ganda la zinki na salfa lilipunguza madhara sana, lakini halikuyamaliza.

Kama ganda halitadumu milele, chembe ni bora itoke mwilini mapema. Hak Soo Choi, Frangioni na Bawendi walitoa kipimo mwaka 2007: nukta isiyozidi nanomita 5.5, pamoja na tabaka lake, huchujwa na figo na kutoka kwenye mkojo. Walifanikiwa kwa kuipaka sisteini, asidi amino ya kawaida yenye chaji chanya na hasi zinazolingana. Tabaka lenye chaji ya upande mmoja tu lilivutia protini za damu, ukubwa ukaongezeka kwa zaidi ya nanomita 15, na figo zikaikataa. Kwa upande mwingine, mwaka 2012 nyani wa aina ya rhesus walidungwa nukta zilizofunikwa kwa fosfolipidi na kufuatiliwa kwa siku 90. Vipimo vya damu vilibaki vya kawaida. Lakini kadimiamu nyingi bado ilikuwa kwenye ini, bandama na figo. Magazeti yaliandika nusu ya kwanza ya habari hiyo kwa herufi kubwa. Nusu ya pili ndiyo iliyo muhimu zaidi.

Ulrich Wiesner wa Chuo Kikuu cha Cornell alikwepa tatizo zima kwa kuacha fuwele. Chembe yake ni silika yenye rangi ya kikemia iliyofungiwa ndani, ambako haichujuki haraka, na PEG juu yake. Pamoja na Michelle Bradbury wa hospitali ya Memorial Sloan Kettering, New York, aliifikisha kwa binadamu. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu jaribio mwaka 2011, na matokeo ya wagonjwa watano wenye saratani ya ngozi iliyosambaa yalichapishwa mwaka 2014. Chembe zilikuwa na upana wa nanomita 6 hadi 7, zilitoka kwa mkojo, na hakuna aliyedhurika kwa sababu yake. Mwanga wake ni hafifu kuliko wa nukta za kwanta. Ila ziliingia kwa mgonjwa zikatoka, na nukta yenye kadimiamu bado haijapewa kibali cha kutumika ndani ya mwili wa binadamu.

Chembe mpya zinazong'aa zitaendelea kutangazwa, za almasi, za indiamu na fosforasi, za madini adimu. Msomaji atakayekutana na habari hizo aulize kwanza imepakwa nini, inakuwa na upana gani ikishapakwa na kuingia kwenye damu, na baada ya miezi mitatu iko wapi. Makala isiyojibu maswali hayo matatu haijamaliza kazi yake, hata kama picha zake ni nzuri namna gani.